Mtoto Athibitishe Nini? Tabora na Miaka Mia ya Kugawa Nafasi za Shule

Wilaya ya Uyui, yenye makao makuu Isikizya, imeuzunguka mji wa Tabora karibu pande zote. Ndani yake ziko Tura na Kigwa, vituo ambavyo misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo ilivipitia ikishamaliza mapori ya Mgunda Mkali. Katikati, mjini, iko shule ya serikali aliyosoma Mwalimu Nyerere na watu kadhaa waliokuja kuwa mawaziri wa nchi huru. Kwa hiyo hapa ni mahali pazuri pa kuulizia jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa Dodoma na Dar es Salaam tu: nani ana haki ya kuandikishwa shule ya umma, na nani huamua? Majibu yamebadilika mara nyingi ndani ya miaka mia. Aliingia mwana wa mtemi, akaingia aliyebatizwa, akaingia mwenye rangi iliyotakiwa, kisha mwenye alama, mwenye umri, mwenye ada. Tumezoea kuyasimulia mabadiliko haya kama maendeleo ya mfululizo, kila zama ikiwa na haki zaidi ya iliyotangulia. Mimi nayaona tofauti. Vigezo vilibadilika, lakini mzigo wa kuthibitisha ulibaki kwa mtoto: yeye ndiye aliyetakiwa kuonyesha kwa nini aingie, na mara chache sana serikali ikatakiwa kueleza kwa nini nafasi haipo. Kuna kipindi kimoja tu, kati ya 1974 na 1978, ambapo mzigo huo ulihamishwa kweli, na kipindi hicho ndicho tunachokibeza kuliko vyote.

Kabla ya wakoloni Unyanyembe, utemi ambamo Tabora imo, haikuwa na shule ya serikali, ila haikukosa mafunzo. Wafanyabiashara wa Kiarabu na watu wa pwani waliolowea Tabora na Kwihara walikuja na vyuo vya Kurani, watoto wakajifunza kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu; na safari zenyewe ziliwafunza vijana wa Kinyamwezi Kiswahili, bei, na vipimo vya nguo na shanga. Pagazi hakuulizwa ukoo wake, aliulizwa kama anaweza kubeba. Mtemi Isike aliposhindwa na Wajerumani, Januari 1893, boma jipya lilihitaji makarani na maakida wanaojua kusoma, na shule chache za serikali ya Kijerumani zikalenga kuziba pengo hilo. Wabelgiji waliuteka mji Septemba 1916, wakakaa miaka michache, wakaondoka. Waingereza ndio waliokuja na mpango wa muda mrefu, na hawakuificha nia yao.

Shule ya Serikali ya Tabora ilianzishwa miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa watemi, pamoja na wale ambao watemi wenyewe wangewateua. Mfano wake ulikuwa shule za bweni za watoto wa wakubwa huko Uingereza, zenye viranja na nidhamu ya saa kwa saa. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, aliifanya nchi itawaliwe kupitia watemi na machifu, na utawala wa namna hiyo ulihitaji warithi wanaojua kuandika barua, kutunza hesabu na kusoma sheria. Kwa mantiki ya utawala, mpango ulikuwa na akili. Tatizo linaonekana ukiuliza fedha zilitoka wapi. Mkulima wa Kigwa alilipa kodi ya kibanda na ya kichwa kila mwaka. Sehemu ya kodi hiyo ilirudi kwenye hazina za wenyeji, na hazina hizo ndizo zilizokuja kugharimia shule za tawala za wenyeji. Mtoto wa mlipaji, akibahatika kupata shule ya karibu, alisoma miaka minne tu. Madarasa ya juu yalikuwa na nafasi za kuhesabika, na ufunguo wake kwa miaka ya mwanzo ulikuwa jina la baba.

Hapa wengi watasema kwamba shule hiyo ndiyo iliyotupa Nyerere, kwa hiyo kuwachagua wachache kulikuwa na faida yake. Ni kweli alisoma pale kuanzia 1937, na kufikia wakati huo mtihani ulikuwa umeanza kuchukua nafasi ya ukoo. Lakini Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto wa Burito, chifu wa Wazanaki, na hoja ya faida ina upungufu ule ule wa kila hoja inayowahesabu waliopita mlangoni peke yao. Orodha ya waliosoma Tabora tunayo: Abdallah Fundikira, Rashidi Kawawa, Hamza Mwapachu, chifu Kidaha Makwaia. Ya walioishia darasa la nne hatuna, wala hakuna aliyewahi kuona haja ya kuiandika. Huwezi kupima hasara ya mfumo kwa kuwatazama wanufaika wake. Tena mji huo huo ulionyesha gharama ya mlango mwembamba kabla hata uhuru haujapatikana. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama iingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ili uandikishwe kupiga kura ilibidi uwe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kilichotambuliwa. Mtu aliyenyimwa darasa utotoni alijikuta ananyimwa na kura ukubwani, kwa kigezo kile kile. TANU ilikubali kuingia, ikashinda, na mkutano ule ukabaki kwenye historia kama uamuzi wa busara. Lakini umati mkubwa wa wanachama walioushangilia hawakuruhusiwa kupiga kura wenyewe.

Mlango wa pili ulikuwa dini. Mapadri Weupe walifika Tabora mwishoni mwa miaka ya 1870, wakajikita Kipalapala. Upande wa magharibi, Urambo, wamisheni wa London walitangulia na Wamoravian wakapokea kazi yao mwaka 1898. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilizipa ruzuku shule za misheni zilizokidhi viwango vya wakaguzi, na kwa njia hiyo sehemu kubwa ya fedha za elimu ya Waafrika ikapitia mikononi mwa makanisa. Tabora ulikuwa mji wenye Waislamu wengi tangu enzi za misafara. Mzazi Mwislamu aliona shule imejengwa, imepewa ruzuku iliyotokana na kodi yake, na akahofia kwamba mwanawe akiingia humo angetoka na jina jingine. Wengine walijaribu, wengi wakabaki na chuo cha Kurani na shule chache za serikali. Watetezi wa misheni husema kwamba makanisa yalijenga mahali ambapo serikali haikutaka hata kukanyaga, na hilo halikanushiki; bila wao vijiji vingi visingekuwa na ubao wala chaki mpaka uhuru. Ila aliyejenga kwa sadaka za waumini wake ana haki tofauti na aliyejenga kwa ruzuku ya kodi. Serikali huru ilipozitaifisha shule za misheni kwa Sheria ya Elimu ya 1969, ilikuwa inaimaliza hali hiyo ya fedha za wote kuwa na mlango wa baadhi, ingawa tofauti za miaka hamsini hazikufutika kwa saini moja. Mlango wa rangi, yaani shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila kundi na zake, ulikuwa umeshafungwa mapema zaidi, Januari 1962.

Uhuru ulipokuja nchi nzima ilikuwa na wanafunzi 486,470 wa shule za msingi na 11,832 wa sekondari. Kwa hesabu hiyo, kufuta ukoo, dini na rangi kuliacha swali moja zito: wachache watakaokwenda sekondari wapatikane vipi? Ada ya sekondari ilifutwa mwaka 1964, kwa hiyo fedha haikuwa tena sababu ya wazi. Ukabaki mtihani, ambao kwa macho ya wengi ndio haki yenyewe: karatasi moja, siku moja, alama zinaongea. Kasoro ya mtihani ni kwamba hupima na historia ya mahali. Mtoto wa Kilimanjaro au Bukoba alikuwa na shule jirani, walimu waliokaa, na babu aliyejua kusoma; mtoto wa Loya au Tura hakuwa na hata kimoja. Katika miaka ya 1970 serikali ikaanza kugawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa na wilaya, ili kila sehemu ipate fungu lake hata kama alama za watoto wake ziko chini. Malalamiko yalikuwa makali, hasa Kilimanjaro, ambako mtoto mwenye alama nzuri alikosa nafasi huku wa mkoa mwingine mwenye alama pungufu akiipata. Siwezi kusema mtoto yule hakuonewa. Yeye binafsi hakuwa na kosa, na ukimwambia kuhusu ruzuku za miaka ya 1920 hutamfariji. Wazazi wa huko walijibu kwa kuchangishana na kujenga sekondari binafsi nyingi, na kufikia miaka ya 1980 mkoa wao ukawa mbele zaidi ya ulivyokuwa. Mwitikio huo wenyewe ndio unaonipa sababu ya kuutetea mgawo. Kilimanjaro ilikuwa na kahawa, vyama vya ushirika na wazee waliosoma, ikaweza kujijengea njia nyingine. Uyui isingeweza. Mgawo ulimkwaza aliyekuwa na pa kukimbilia, na usingekuwepo angeumia asiyekuwa na pengine.

Hata hivyo mgawo nao ulikuwa namna nyingine ya kugawa uhaba. Kilichokuwa tofauti kweli ni Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977; mpango huo ukajulikana kama UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Tazama uandikishaji ulivyokuwa kabla ya hapo. Watu wengi vijijini hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na nafasi za darasa la kwanza hazikutosha, kwa hiyo mwalimu mkuu alihitaji kipimo. Mtoto alisimamishwa mbele ya meza, akaambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya utosi na kushika sikio la kushoto. Vidole vikifika, ameshatimiza miaka saba. Visipofika, arudi mwakani. Mtoto mfupi wa miaka minane alirudishwa nyumbani, mrefu wa miaka sita akapokelewa, na mzazi hakuwa na pa kukata rufaa. Kipimo hiki kiliendelea kutumika miaka mingi nchini na leo kinasimuliwa kwa vicheko, lakini angalia kinavyofanya kazi: anayepimwa ni mtoto. Hakuna aliyeipima shule kama inatosha.

Azimio la Musoma liligeuza jambo hilo. Watu walikuwa wamekusanywa vijijini kwa operesheni, mara nyingi kwa nguvu na kwa hasara ambayo Wanyamwezi wengi, waliozoea kuishi kwa kutawanyika, hawajaisahau; lakini kijiji kilichokusanyika kiliweza kujengewa shule. Mabalozi wa nyumba kumi walipita kuwaorodhesha watoto, na mwenye kuulizwa akawa mzazi au mwenyekiti wa kijiji: mbona huyu hayupo shuleni? Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takribani milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hata uraia haukuwa kizuizi cha kwanza: Ulyankulu, mkoani humo humo, watoto wa wakimbizi wa Burundi waliopokelewa 1972 walisoma mtaala wa Tanzania kwa Kiswahili. Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ikafanya kuandikishwa na kuhudhuria kuwa lazima kwa kila mtoto aliyefikia miaka saba.

Lawama juu ya kipindi hicho zinajulikana. Vijana waliomaliza darasa la saba walipewa mafunzo ya kazini wakawa walimu, na jina la "mwalimu wa UPE" limebaki kuwa tusi hadi leo. Madarasa yalifurika, vitabu vikaadimika, wengine wakamaliza wakisoma kwa kubabaisha. Yote hayo yalitokea. Lakini wanaosema ubora ulishuka wanalinganisha darasa la UPE na darasa la wachache waliochujwa, wakati ulinganisho wa haki kwa mtoto wa Tura ni kati ya mwalimu dhaifu na kutokuwa na mwalimu kabisa. Kosa la UPE, nionavyo, lilikuwa kuwafikisha watoto wote darasa la saba bila kuwaandalia chochote mbele. Sekondari hazikuongezwa, na Tanzania ikabaki miongoni mwa nchi zilizopeleka sehemu ndogo sana ya watoto wake sekondari barani Afrika, mpaka shule za kata zilipoanza kujengwa kwa wingi baada ya 2004.

Uchumi ulipoanguka miaka ya 1980, ada ikarudi, kwanza kama mchango wa UPE, kisha zikafuata karatasi, dawati, mlinzi, mwenge, ujenzi wa choo, fedha ya mtihani wa majaribio. Kama msafara uliolipa hongo kwa kila mtemi ambaye nchi yake ulipita, mzazi alikuta mkono umenyooshwa kila hatua, na hakuna hatua iliyoitwa ada. Ada yenyewe ilikuwa shilingi 2,000 ilipofutwa mwanzoni mwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, na kilichofuata ni ushahidi wa kutosha kwamba watoto walizuiwa na fedha, wala si na uzembe wa wazazi: kutoka wanafunzi milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, elimu bila ada ilifikishwa hadi kidato cha nne. Shilingi 20,000 za shule ya kutwa na 70,000 za bweni zikafutwa, na walioandikishwa darasa la kwanza mwaka huo wakazidi milioni 2. Miaka miwili baadaye ilibidi Rais Magufuli apige marufuku michango hadharani, jambo linaloonyesha kwamba ilikuwa imerudi. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka haitoshi kuendesha shule, na mwalimu mkuu asiye na fedha ya chaki atamgeukia mtu aliye karibu naye.

Kuna wanaosema kwamba magharibi ya Tanzania tatizo ni wazazi: watoto wanachunga ng'ombe, wanasaidia mashamba ya tumbaku, wasichana wanaozwa. Takwimu haziwapi raha wanaotaka kulikana hilo. Katika utafiti wa afya na demografia wa 2010, asilimia 58 ya wanawake wa Tabora wenye miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha 18, ya pili nchini baada ya Shinyanga. Lakini mzazi hakuwa peke yake katika kumtoa msichana shuleni. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo ni batili, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Kanuni za 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kuolewa au kwa kosa la maadili, na kwa vitendo mimba ikawa ndiyo kosa lenyewe. Juni 2017 Rais alitamka kwamba aliyejifungua hatarudi shule ya serikali, na ni Novemba 2021 tu ndipo wizara iliporuhusu warudi. Kwa miaka yote hiyo msichana wa Uyui aliyeolewa na yule aliyepachikwa mimba walikuwa wanatolewa darasani na pande mbili, nyumba na serikali, na serikali haikuwa upande dhaifu.

Siku hizi Shule ya Wavulana Tabora na ile ya Wasichana ziko kwenye kundi la shule za vipaji maalum, pamoja na Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato, na huchukua watoto wenye alama za juu kutoka nchi nzima. Wako wanaopendekeza wilaya jirani zitengewe fungu ndani yake. Sioni faida kubwa. Nafasi ishirini au thelathini kwa watoto wa Uyui zingeleta picha nzuri gazetini na kuacha kata zote za wilaya kama zilivyo. Umbali ndio kigezo kikubwa cha sasa, na hakimo kwenye waraka wowote: mwanafunzi wa kata yenye vitongoji vilivyotawanyika hutembea kilomita nyingi kwenda sekondari ya kutwa, na kama ni msichana mzazi hufikiri mara mbili, au humpangia chumba kijijini akae bila mtu mzima. Hosteli kwenye shule za kata zingefanya kazi kubwa kuliko mgawo wowote wa shule za vipaji.

Ila hosteli hiyo, au shule ya karibu, hakuna anayeweza kuidai. Ibara ya 11 ya Katiba inasema kila mtu anayo haki ya kujielimisha, na serikali ifanye jitihada kuhakikisha watu wote wanapata fursa sawa za elimu. Maneno mazuri, yaliyowekwa katika sehemu ya malengo ya msingi, ambayo Ibara ya 7 inasema haitatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Mzazi wa Isikizya asiyempeleka mwanawe shule anaweza kushtakiwa kwa sheria ya 1978. Mzazi huyo huyo hawezi kumshtaki yeyote kwa kuiacha kata yake bila shule. Wapo watakaojibu kwamba Kenya, ambako Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima inayoweza kudaiwa mahakamani, bado ina watoto wengi wa Turkana na Mandera wasiosoma. Ni kweli, hukumu haijengi darasa. Lakini huko mwenye kueleza kwa nini darasa halipo ni serikali, mbele ya jaji, kwa hesabu. Hapa kwetu rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba iliihamishia elimu kwenye sura ya haki za binadamu, na Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ikaibakiza humo. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 2015. Iliahirishwa, na haijafanyika.